Vitabu Vyenye Unga

Chumba cha kusomea kilikuwa nyuma ya ukumbi wa maendeleo, na mlango wake ulitazamana na choo. Hilo lilinifaa sana. Mtu mwenye haya ya kuonekana anakwenda kusoma aliweza kusingizia choo, nami nilisingizia choo kwa muda mrefu. Watu wa mtaani kwetu Levolosi wakaona naingia huko mchana natoka jua linazama, wakaanza kunionea huruma. Mama mmoja jirani akaniletea dawa ya tumbo, mizizi iliyochemshwa, chungu ajabu. Nikainywa yote. Ilikuwa rahisi kuinywa kuliko kueleza.

Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, kisha nikapata kazi kwenye kinu cha kusaga mahindi, na mpaka leo nipo hapo hapo. Kazi hiyo inamfaa mtu kama mimi. Mashine ikiunguruma hakuna anayemtegemea mwenzake aseme neno. Mama analeta debe, mimi naonyesha kwa kidole pa kuliweka, basi, tumemaliza mazungumzo. Tatizo la kinu ni moja tu, kwamba unga hauondoki. Unanawa, unajikung'uta, unabadili shati, lakini bado upo kwenye nyusi, kwenye masikio na kwenye vidole.

Chumbani mlikuwa na mabenchi, meza ndefu na kabati moja lenye rafu mbili. Rafu ya juu ilikuwa ya vitabu vya upelelezi, navyo vilikuwa vimechakaa, vingine vimefungwa kwa uzi. Rafu ya chini ilikuwa ya vitabu vya maarifa: kuchimba choo, kufuga nyuki, kulea mtoto mchanga, magonjwa ya kahawa, mvua inatoka wapi. Hivyo viling'aa kama siku vilipotolewa sandukuni. Hakuna aliyevigusa ila mzee wa kabati alipovifuta vumbi.

Mzee huyo alikuwa mtu wa Pangani, kanzu safi kila siku. Kabla ya kukabidhiwa kabati alikuwa mnadi wa ng'ombe kwenye mnada wa Kisongo, akapiga kelele pale miaka na miaka mpaka kifua kikakataa. Sisi tulimwita Mzee Mnadi. Alipoletwa kwenye vitabu hakuona sababu ya kubadili kazi. Akaweka sheria: anayerudisha kitabu hapewi kingine mpaka akinadi kwanza. Anapanda juu ya sanduku tupu la mafuta ya taa, anakiinua kitabu, anataja umri wake, hali ya ngozi yake, mwendo wake na kasoro zake, kisha anasema kinamfaa nani.

"Ng'ombe akipiga teke, mnunuzi lazima aambiwe," alituonya. "Sitaki mtu arudi hapa analia nimemficha kasoro."

Kwa vitabu vya upelelezi kulikuwa na sheria ya pili, nayo haikuvunjwa hata mara moja: hakuna kumtaja muuaji.

Bingwa wa kunadi alikuwa fundi cherehani mmoja, kijana wa Kondoa, mcheshi, aliyeshonea barazani karibu na soko. Huyo akipanda sandukuni hata waliokuwa chooni walitoka haraka.

"Jamani, hiki umri wa kati," alinadi siku moja. "Ngozi imechubuka mgongoni, lakini kinakwenda mbio! Maiti ya kwanza hujakaa vizuri kwenye benchi! Kasoro yake, katikati wanapendana kwa kurasa kadhaa. Unaweza kuziruka."

"Asiziruke mtu," alisema mama muuza maandazi kutoka benchi la nyuma. Huyu alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, na hakutaka kupoteza hata herufi moja. "Hizo ndizo nzuri. Nipe mimi."

Zamu yangu ya kwanza ilipofika nilipanda sandukuni nikasimama. Nikakiinua kitabu. Nikafungua mdomo. Nikaangalia viatu vya fundi, kimoja kilikuwa na kamba ya katani. Mzee Mnadi akasubiri, fundi akasubiri, nzi akazunguka. Mwisho nikaanza kutetemeka, na kwa kule kutetemeka unga ukaanza kunidondoka kichwani kidogo kidogo.

"Mwanangu, shuka," alisema yule mama kwa huruma. Akakichukua kitabu mkononi mwangu, akakifungua, kisha akacheka. "Hee! Njooni muone. Hapa mwanzo vidole vyake havionekani sana. Hapa, mlango unapofunguliwa wenyewe, ona unga huu! Hapa aliogopa huyu. Na hapa mwisho, we! Amekishika kwa mikono yote miwili!"

Mzee Mnadi akakichukua, akakikagua kama anayetazama meno ya dume, akapanda sandukuni mwenyewe. "Unga mwepesi mwanzoni!" akanadi. "Unazidi penye mlango! Mwisho ni ugali mtupu! Nani anachukua?"

Wakakigombania. Tangu siku hiyo nikasamehewa kupanda sandukuni. Nilirudisha kitabu, Mzee Mnadi akausoma unga, na watu wakachagua. Wapo walioingia wakauliza moja kwa moja, "Kipo chenye unga?" Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nashauri watu wazima wasome nini, na sikuwa nimetamka neno.

Miongoni mwa waliofuata unga wangu alikuwa mzee mmoja Mwarusha, mkulima na mfugaji kutoka upande wa magharibi wa mlima, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa heshima zake. Alikuja siku za soko baada ya kuuza maziwa. Kusoma alijifunza darasa la ubatizo, na maisha yake yote alikuwa amesoma Maandiko, kitabu cha nyimbo na matangazo ya serikali kuhusu josho la ng'ombe. Vyote vilikuwa kweli. Tangazo lilisema josho litafunguliwa Jumatatu, na Jumatatu lilifunguliwa. Kwa hiyo yeye alijua kwamba kitu kikishapigwa chapa kimetokea.

Kitabu nilichompa, au tuseme unga wangu ulichompa, kilikuwa na muuaji anayechechemea, mwenye jino la dhahabu. Mwisho wa kitabu anawatoroka wapelelezi, anapanda treni kuelekea bara. Sisi tulisoma tukasema hadithi tamu. Mzee alisoma akaanza kuangalia miguu ya watu.

Siku ya mnada Kisongo akamwona mtu anachechemea. Hakungoja amwone jino. Alikwenda mjini moja kwa moja mpaka kituo cha polisi, kitabu kwapani, akamshitaki kwa sajini. Baadaye alitusimulia mwenyewe, bila kuficha kitu, kwa sababu hakuona penye aibu.

"Sajini akaniuliza, marehemu ni nani? Nikamtajia jina. Akaniuliza, kauawa wapi? Nikafungua, nikamwonyesha. Akasoma. Akasoma tena. Nikamwambia geuza, endelea mbele. Akaendelea mpaka chai yake ikapoa."

"Kisha?" aliuliza fundi, machozi ya kicheko yameshamtoka.

"Kisha akafunga kitabu akasema, Mzee, kazi nzuri. Ukimpata huyo muuaji, mkamate mlete hapa kituoni, sisi tutamfungia. Nikamwambia haya."

Mtu wa Kisongo aliyechechemea alikuwa mwuza ngozi, ameingiwa na mwiba. Lakini habari ilikuwa imeshatembea, na ikafika kwa Bwana Maendeleo, afisa wa serikali aliyesimamia ukumbi. Huyu alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, Kiswahili chake safi kabisa ila alikitamka polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akaja chumbani, akatazama rafu ya juu iliyochakaa, akainama akatazama rafu ya chini inayong'aa.

"Vitabu hivi vya juu vinawachanganya watu," alisema. "Na hivi vya chini vinalala. Kabati hili lililetwa kwa ajili ya hivi vya chini. Nitarudi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikiona vinasomwa, kabati litabaki. Nisipoona, litakwenda Mbulu. Hapa nitaleta meza ya tenisi."

Alipotoka hakuna aliyecheka, hata fundi.

Wengine wangepoteza vitabu, na hilo ni jambo kubwa. Mimi nilijua nitapoteza zaidi. Kinuni nilikaa na mashine. Nyumbani nilikaa na kaka yangu, mtu wa maneno mengi, ambaye hakuona haja ya kuniachia nafasi ya neno hata moja. Mahali pekee nilipokaa na watu wakafurahi kuniona, bila kuniuliza mbona umenyamaza, ni pale kwenye benchi. Meza ya tenisi sikuijua, lakini niliambiwa wachezaji hupigiana kelele.

Basi watu wakajitolea kuiokoa rafu ya chini. Fundi akachukua kitabu cha kuchimba choo, akarudi nacho amenyong'onyea, akapanda sandukuni.

"Hiki kipya, ngozi safi, hakipigi teke," alinadi. "Wala hakitembei. Unachimba, unachimba, umefika chini. Kinamfaa asiyepata usingizi."

"Hakuna anayekitaka?" aliuliza Mzee Mnadi.

Fundi akakirudisha rafu ya chini mwenyewe.

Mama wa maandazi akachukua cha kulea mtoto mchanga, akakirudisha kwa hasira. "Aliyeandika hiki hajalea hata paka! Anasema mtoto akilia usiku mwache anyamaze mwenyewe. Aje alale kwangu!" Mzee Mnadi mwenyewe akajaribu kile cha mvua inatoka wapi, tukamkuta amelala chali kwenye benchi, kitabu kimemfunika uso, kinapanda na kushuka kwa pumzi zake.

Yule mzee wa Kiarusha alikataa katakata. "Muuaji anatembea hovyo, mimi nikae nasoma habari za nyuki?" Zaidi ya hayo alikuwa na msiba wake. Mikahawa yake ilikuwa inakufa, mmoja baada ya mwingine, na aliyemshuku alikuwa shemeji yake waliyepakana shamba. Alikuwa amekwisha kuacha kumsalimu.

"Kuna kitabu cha kahawa hapo, Mzee," fundi alimwambia.

Mzee akakitoa, akatazama jalada. Lilikuwa na picha ya mkulima anatabasamu kando ya mkahawa uliojaa matunda. "Huyu kahawa yake nzima," akasema, akakirudisha. "Atanifundisha nini?"

Nikakichukua mimi. Sikuwa na mkahawa hata mmoja. Nilikichukua kwa sababu kilikuwa chembamba, na mimi nasoma polepole. Nilianza kukisoma kinuni, nimekaa juu ya gunia, nikingojea wateja. Ukurasa wa kwanza nilipiga miayo. Wa pili nikanyooka. Walipofika akina mama na madebe yao walinikuta sioni wala sisikii, na mmoja alilazimika kunigusa kwa ungo. Kitabu kile kilikuwa na maiti. Kilikuwa na watu wanaoshukiwa bure. Kilikuwa na alama chini ya maiti ambazo kila mtu alizipita. Na aliyeua alikuwa ndani ya nyumba muda wote, kimya, anasikia wanavyomtafuta nje.

Nilikirudisha kimejaa unga kuliko kitabu chochote. Mzee Mnadi alikinadi kwa furaha: "Unga mwanzo hadi mwisho! Hakuna ukurasa uliobaki safi!"

"Amekiangusha kwenye gunia," alisema fundi. "Kitabu cha kahawa kinatisha nini? Bwana mdogo, sema kweli, hukukiangusha?"

Nilitikisa kichwa. Hakuniamini. Hakuna aliyeniamini, na kitabu kikarudi rafu ya chini, cheupe peke yake kati ya vinavyong'aa. Nikajua unga umefika mwisho wa uwezo wake.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tulijaa chumbani. Bwana Maendeleo alikaa benchi la mbele, magoti yake yamefika karibu na kidevu. Mzee Mnadi akauliza nani ananadi kitabu cha maarifa. Fundi akatazama dari. Mama akapanga maandazi yake upya kwenye beseni. Yule mzee wa Kiarusha alikuwa anatazama miguu ya Bwana Maendeleo.

Sijui nilifikaje sandukuni. Najua tu nilikuwa juu yake, na kitabu cha kahawa kimeinuliwa mkononi, na unga umeshaanza kunidondoka.

"Alikuwa amesimama shambani," nilisema.

Fundi aliteremsha macho kutoka darini. Nadhani hakuwahi kuisikia sauti yangu.

"Mzima. Ana watoto wengi. Siku moja akaanza kubadilika rangi. Hakupigwa. Hakukatwa. Ngozi nzima. Akafa amesimama."

"Nani huyo?" aliuliza mama.

"Mkahawa."

Nilingoja wacheke. Yule mzee wa Kiarusha akanyanyua mkono kumzuia fundi, ambaye alikuwa hajafanya lolote. "Endelea, layoni," aliniambia. Ndivyo wazee wao wanavyoita mvulana, na kwa kawaida si sifa, lakini siku ile alilisema kwa upole.

"Wengine walisema ni jua. Wengine wakasema udongo umechoka. Wengine wakamshuku jirani, kwamba ana jicho baya."

"Shemeji!" mzee alisema.

"Lakini chini ya shina kulikuwa na alama." Nikapitisha kiganja kichwani mwangu, nikawaonyesha. "Unga. Kama huu. Umemwagika pale chini kidogo kidogo."

Mzee akasimama wima. "Nimeuona! Unga huo upo kwangu! Hiyo ni dawa ya shemeji, anaimwaga nikienda kanisani!"

"Si dawa, Mzee. Ni unga wa mti wenyewe. Kuna anayeusaga kwa ndani."

Kwa mtu wa kinu, maneno hayo niliyasema vizuri. Waliokuwa nyuma walisogea mbele. Hata Bwana Maendeleo alikuwa amesogea ukingoni mwa benchi.

"Nani?" aliuliza mzee.

Nilifungua mdomo, kisha nikamtazama Mzee Mnadi. Kwangu kitabu kile kilikuwa cha upelelezi, na sheria ilikuwa sheria. "Siwezi kusema," nikajibu.

Palitokea vurugu ambayo sijaiona tena. "Kahawa yangu inakufa, wewe unanificha muuaji?" alifoka mzee. Fundi akapiga meza: "Bwana mdogo, angalau tuambie, ni mtu au si mtu?" Mama akaja mbele na beseni lake, akaahidi kunipa maandazi. Mimi nikabana midomo. Hilo ndilo jambo ninaloliweza.

"Lakini," alisema Bwana Maendeleo polepole, "ni nani hasa?"

"Samahani, Bwana," alimjibu Mzee Mnadi, kifua mbele kama enzi zake za Kisongo. "Hapa hatumtaji muuaji. Kitabu kinanadiwa sasa hivi, ukitaka panga zamu."

Wakapanga zamu. Fundi, ambaye mmea pekee aliokuwa nao ni mchicha, aligombania nafasi ya kwanza, lakini mama akasema mwenye msiba atangulie, na mzee akakipata. Bwana Maendeleo aliandikiwa baada ya mama. Alipokuwa anatoka aliinama akaangalia rafu ya chini, akauliza kama kile cha nyuki kinafanana na hiki. Habari za Mbulu hakuzigusa. Meza ya tenisi nasikia iko Mbulu hadi leo.

Siku ya soko iliyofuata mzee hakuanza na maziwa. Alipita kituo cha polisi kwanza, akaweka kibiriti juu ya meza ya sajini.

"Nimemkamata," akamwambia.

Sajini akafungua. Ndani mlikuwa na funza mweupe, mnene, anajinyonga nyonga, kichwa cheusi kama kokwa.

"Ulisema nikimpata muuaji nimlete," mzee akasema. "Nimemtoa ndani ya shina kwa waya. Wenzake wengine wamekufa wakati wa kukamatwa."

Haya pia alitusimulia mwenyewe, safari hii kutoka juu ya sanduku, maana alikuwa anarudisha kitabu na zamu yake ya kunadi ilikuwa imefika. Alipofika kwenye kibiriti alijiziba mdomo ghafla, kwa sababu alikuwa amemtaja muuaji mbele ya fundi, ambaye zamu yake ilikuwa bado. Fundi akashika kichwa. "Mzee! Umeniharibia!" Mzee Mnadi akamtoza faini ya chupa ya maziwa.

"Na sajini alimfungia?" aliuliza mama.

"Alicheka sana, kisha akauliza kitabu kinapatikana wapi. Baba yake ana kahawa Machame." Mzee akashuka sandukuni, akakohoa. "Shemeji nimemsalimu. Amenikopesha waya."

Kitabu kile sasa kina unga wangu, na juu ya unga kuna alama za vidole vya udongo wa mlimani, na juu ya udongo kuna mafuta ya maandazi. Mzee Mnadi analalamika kwamba hawezi tena kukisoma kwa nje. Ndiyo sababu aliyoitoa ya kuniondolea msamaha wangu. "Sauti ipo," alisema, "tumeisikia wote. Panda."

Jumamosi iliyopita nilipanda na kitabu cha nyuki. Unga ukadondoka kama kawaida. Nikawaambia kuna nyumba yenye mabinti wengi na mama mmoja, na kwamba siku moja mama huyo anaondoka na nusu ya nyumba bila kuaga.

"Anakwenda wapi?" aliuliza fundi.

Nikashuka sandukuni, nikaenda kukaa kwenye benchi langu.